Ukoo Mzima Ulivyonitolea Ushahidi Kwenye Kamusi ya Mtandaoni

Nianze kwa kukiri kabisa, ili nisije nikaonekana nimeficha: ile habari mliyoisikia Chake Chake, ya msichana aliyesomewa sifa zake za jikoni mbele ya kamati ya majengo ya chuo, kwa sauti, na maneno yenyewe yakiwa ukutani kwa herufi kubwa mpaka waliokaa nyuma waliyaona bila miwani, ni habari yangu mimi. Sikusingiziwa. Wapo walioongeza chumvi (eti nililia, sikulia, nilipiga chafya tu ikawa ndefu), lakini kiini chake ni kweli, na kwa kuwa kila mtu anaihadithia anavyotaka, nimeona bora niihadithie mwenyewe, angalau nijicheke kabla yenu.

Ili mnielewe, lazima nikwambieni kwanza kuhusu kile chumba. Nyuma ya maktaba ya chuo chetu kulikuwa na chumba kidogo, dirisha moja, meza moja, na kabati la chuma ambalo mlango wake haufungi mpaka uuinue kidogo kwa goti, na humo ndimo tulimokuwa tukilitengeneza jarida letu la kitaaluma la wanafunzi, linaitwa Kidimbwi. Jina nilichagua mimi. Maji yakitoka pwani huacha vidimbwi, maji kidogo tu yaliyosahauliwa, lakini ukiinama unaona mbingu nzima imo ndani, na mimi nilifikiri jarida la wanafunzi liwe hivyo hivyo. (Faki, mhariri mwenzangu, alisema kidimbwi pia ni pahala pa kuteleza ukavunjika mguu, lakini tulipiga kura, na wapiga kura tulikuwa watatu, na wa tatu nilikuwa nimemnunulia urojo.)

Msidhani lilikuwa jambo la mchezo. Kila makala ilisomwa na watu wawili wasiojua nani kaiandika, ikarudishwa na wino mwekundu, na mimi ndiye niliyekuwa mkali wa marejeo kuliko wote, mtu akisema kitu bila kuonyesha kakitoa wapi namrudishia hata kama ni rafiki yangu, hata kama kanisalimia vizuri asubuhi. Tuliandika habari za visima vya zamani, za michezo ya watoto, za mwani, za maneno ya Kipemba yanayopotea. Tukilitoa mara mbili kwa mwaka, printa ikiwa na wino, na tukilibana wenyewe kwa stepla huku redio ya mkutubi ikituimbia upande wa pili wa ukuta.

Lakini niseme kweli, mimi nilichokipenda zaidi ni dirisha. Lilitazama uwanja wa jirani ambapo msimu wa karafuu majamvi yanatandikwa, na jua la mchana likizipata zile karafuu, harufu inaingia polepole mpaka karatasi zote zinanukia. Mimi ni mtu wa kuota macho wazi, nimezaliwa hivyo. Nasoma mstari mmoja wa makala ya mtu, halafu macho yanakwenda dirishani, na mimi nakwenda nayo, naona mtu nisiyemjua, katika nchi ya baridi nisiyoijua, amekaa kitako kwenye kiti chenye mto, analifungua jarida letu na kusema, kumbe. Hilo tu, kumbe. Nimekaa mchana mwingi mle ndani nikilisikiliza hilo neno, na makala inanisubiri mezani.

Basi siku moja akaja Dokta Khelef. Huyu ndiye naibu mkuu wa chuo, mtu mrefu, mpole, anazungumza taratibu mpaka unahisi anakuonea huruma kabla hujajua kwa nini. Alisimama mlangoni, akatazama meza, akatazama kabati, akasema kamati ya majengo inatafuta pahala pa kuweka viti vya ukumbi vinavyolowa mvua.

"Chumba hiki kina kazi gani?"

"Cha jarida, Dokta," Faki akajibu.

"Jarida lipi?"

Faki akampa toleo la mwisho. Dokta akalifungua katikati, akalifunga, akalirudisha mezani kwa adabu. "Na nani analijua hili, nje ya chumba hiki?"

Hapo ndipo pa kuchelewa kujibu. Mtu mwenye akili zake angesema, bado Dokta, tunajitahidi. Lakini asubuhi ile ile nilikuwa dirishani nikiota, na nilichokuwa nikikiota ni ukurasa, nauona kabisa, kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo dunia nzima huifungua ikitaka kujua kitu: Kidimbwi ni jarida la kitaaluma linaloendeshwa na wanafunzi kisiwani Pemba. Niliuona wazi mpaka ulimi ukausoma.

"Tumo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, Dokta."

Faki akanigeukia taratibu. Sikumtazama.

"Kweli?" Dokta akasema, na wallahi alifurahi, uso wake ulifunguka. "Basi hilo ni jambo. Alhamisi ya wiki ijayo kamati inakaa ukumbini, njooni mtuonyeshe. Kama ulimwengu unakutambueni, sisi ni nani tukutoeni chumbani."

Alipoondoka, Faki akaisogeza stepla huku, akaisogeza kule. "Raya, hatumo."

"Hatumo sasa hivi. Baada ya alasiri tutakuwemo." Maana ile kamusi, kama hamjui, mtu yeyote anaweza kuiandikia, huombi ruhusa kwa mtu, unafungua, unaandika, unabonyeza.

Nikaandika. Nikaandika kwa mapenzi, nikaweka historia ya jarida, maana ya jina, utaratibu wetu wa kusoma makala bila jina la mwandishi, nikaweka na sentensi moja kuhusu dirisha (Faki akaifuta). Chini nikaweka marejeo manne yaliyopangwa vizuri kama tunavyofundishwa. Faki akayasoma, akakuna shingo.

"Marejeo yote manne ni Kidimbwi."

"Kwani nani mwengine anatuandika?"

"Si ndiyo swali lenyewe hilo."

Nikabonyeza. Na ukurasa ukatokea, vile vile nilivyouona asubuhi, rangi ile ile, herufi zile zile, na kwa muda kama wa nusu saa nilikaa nikiutazama bila kufanya kitu. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha nje, jirani anakusanya majamvi yake, na mimi nilihisi kama kile chumba kimenyanyuka kidogo kutoka ardhini na sisi tumo ndani. Sijui kama nitawahi kufurahi tena namna ile kwa kitu nilichokifanya mwenyewe kwa uongo.

Asubuhi yake nikafungua nikakuta sanduku jekundu juu ya ukurasa. Makala hii imependekezwa kufutwa. Chini yake kulikuwa na uwanja wa majadiliano, na aliyependekeza alijiita Mlinzi wa Kurasa, mmoja wa wale wahariri wa kujitolea wa kamusi. Aliandika hakuna vyanzo huru vinavyolizungumzia jarida hili, vyanzo vyote ni jarida lenyewe, kwa hiyo hajaona kama linastahiki makala. Akamalizia na neno moja kwa herufi nzito: Ifutwe. Akaeleza kuwa mwenye hoja nyingine aiseme, na anayetaka makala isalie aandike Ibaki, aseme na sababu.

Nilimjibu kwa hasira. Nikamwambia jarida la wanafunzi si dogo kwa kuwa ni la wanafunzi, nikamwambia siye huku tunafanya kazi kwa nguvu zetu wenyewe, nikamwambia na mengine ambayo leo nikiyakumbuka nafunga macho. Naye akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi. "Dada, sikatai. Jarida linaweza kuwa zuri sana na bado lisistahiki makala hapa. Hatupimi uzuri. Tunatazama kama watu wasiohusika nalo wameandika habari zake kwengine. Ukipata hata wawili watatu, njoo nao."

Njoo nao. Jamani, maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Mimi, mkali wa marejeo, niliyewarudishia wenzangu makala kwa kukosa namba ya ukurasa, niliyasoma maneno hayo na roho ikaniruka, maana kwetu jambo likibishaniwa, mpaka wa shamba, umri wa mtu asiye na cheti, nani alifika mwanzo, huendi na karatasi, unakwenda na watu. Wanakaa barazani kwa sheha, wanasema tunamjua, tunaujua ukoo wake, na limekwisha. Nikasahau kila nilichosoma chuoni. Nikachukua simu nikampelekea khaloo Saada ujumbe wa sauti.

Khaloo Saada ni dada yake mama, yuko Wingwi, na hakuna arusi wala khitma katika ukoo wetu inayosimama bila yeye. Ana grupu la ukoo kwenye simu yake, limekusanya watu kutoka Pujini mpaka Kojani, na akisema neno moja mle ndani, jioni utakuta masufuria yamefika na mwenyewe hujui yametoka wapi. Nikamwambia: "Khaloo, shikamoo. Kuna watu mtandaoni wanauliza habari zetu, wanataka mashahidi waseme kama tunastahiki. Nitafutie watu watatu wanne wanaojua kuandika, waseme ukweli tu, na mwisho waandike Ibaki." Nikampelekea na pahala pa kubonyeza.

Nimeusikiliza tena ujumbe ule baadaye, zaidi ya mara kumi. Kuna pumzi yangu, kuna mvua juu ya bati, kuna jogoo wa jirani. Neno jarida halimo.

Akajibu haraka, sauti yake inatetemeka, nikadhani ana mafua. "Hapana neno, mwanangu. Miye n'takusimamia. Wee kaa utulie."

Nikakaa nikatulia. Nilifanya hasa alivyoniambia, na hilo ni kosa langu la tatu au la nne, nimepoteza hesabu. Mtandao siku zile ulikuwa ukija na kuondoka, na ulipokuja niliogopa kufungua ule ukurasa, nikajiambia watu wa khaloo wanafanya kazi yao, wacha nisiwaangalie mikononi. Nikarudi dirishani kwangu. Nyumbani nako mambo yalikuwa ya ajabu ajabu lakini sikuyatia maanani: niliunguza chungu cha wali na mama hakusema kitu, alinitazama tu kwa jicho la upole, akanipapasa kichwa akapita. Nikafikiri labda nami nimekua.

Alhamisi ikafika. Kamati ilikuwa watu saba mbele, na nyuma wanafunzi wamejaa, maana Faki alikuwa amebandika tangazo waje watuunge mkono (tangazo lile nimeliweka, siku nikijiona nimekuwa mkubwa nalitoa nalisoma). Projekta ikawashwa, Faki akakaa kwenye laptopu, mimi nikasimama pembeni na buibui langu jipya, nikaeleza kwa Kiswahili cha ofisini nafasi ya majarida ya wanafunzi katika kukuza elimu. Halafu Faki akafungua ukurasa. Upo. Alhamdulillahi, bado upo, na wanafunzi wakapiga makofi.

"Hilo sanduku jekundu linasemaje?" Dokta Khelef akauliza.

Faki ana ugonjwa mmoja, hajui kusema uongo, hata mdogo wa kuokoa maisha. "Linasema makala inajadiliwa kama inastahiki, Dokta."

"Inajadiliwa na nani?"

"Na watu."

"Basi ndiyo tunachokitaka. Fungua, tusomee."

Akafungua. Nikaona urefu wa ule ukurasa, unashuka na kushuka. Faki akasoma maneno ya Mlinzi, akasoma na yangu ya hasira (hakuruka hata moja), kisha akafika kwa shahidi wa kwanza, akaanza kwa ile sauti yake iliyonyooka ya kusomea orodha ya vitabu.

"Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mjomba wake Raya, nipo Pujini. Namjua tangu siku ya arubaini yake. Ni mtoto mtulivu, hana makuu, anasali. Ukoo wetu hauna maradhi ya kurithi. Ibaki."

Faki akanitazama, akamtazama Dokta. Dokta akatikisa kichwa, endelea.

"Salaam kwenu mnaouliza. Mimi ni shangazi yake na jirani pia, kwa hiyo naona mengi. Wali wake wa nazi haukosi chumvi. Maandazi bado anajifunza lakini nia anayo. Ibaki."

Hapo wanafunzi wa nyuma wakaanza kuinamisha vichwa, mabega yanacheza. Na mimi ndipo nilipoelewa, yote kwa pamoja: sauti ya khaloo inayotetemeka, jicho la mama, chungu kilichosamehewa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilichelewa kuanza chuo, na kwetu msichana wa umri huo ukoo mzima unasubiri kwa kimya siku ambayo watu watakuja kuulizia habari zake. Maana posa haiji hivi hivi. Kwanza watu wa upande wa muoaji wanapeleleza, kwa majirani, kwa jamaa, tabia yake vipi, sala vipi, kuna ugonjwa gani katika ukoo, na jamaa wakiulizwa wanajibu vizuri na kwa kina. Khaloo alisikia watu wanauliza, wanataka mashahidi, kama anastahiki, akajua ndiyo yenyewe imefika, na kwa kuwa zama zimebadilika siku hizi inakuja kwa mtandao. Akawaambia wote wajitambulishe vizuri, waseme ni nani wake Raya, ili wanaouliza wajue hawasemi na watu wa barabarani.

Na Mlinzi wa Kurasa alikuwa ametaka watu wasiohusika.

Faki alisoma yote. Nilimwomba kwa macho, lakini Dokta alisema endelea, na Faki ni mtu wa kuendelea. Akamsoma mtu wa Kojani aliyeandika kuwa ametoka nyumbani mpaka ufukweni kutafuta mtandao, hajaniona tangu mdogo, lakini mama yangu ni mtu mwema na hiyo inatosha, Ibaki. Akamsoma binamu aliyetaja mahafali yangu ya chuo cha Kurani, na siku niliyoanguka kisimani nikatoka mzima. Akafika pahala ambapo yule Mlinzi maskini aliingilia kati, akaandika, ndugu wachangiaji, ahsanteni kwa kushiriki, lakini tafadhali jadilini jarida. Chini yake mjomba wa Pujini alikuwa amemjibu: "Jarida hatulijui. Siye tunamjua Raya. Na wewe ni nani wake muoaji?" Mlinzi akajibu yeye ni mhariri wa kujitolea tu. Mjomba akamuuliza, vyema, na wazazi wako wako wapi, waje tuzungumze.

Ukumbi ukapasuka. Hata wale saba wa mbele, watu wazima na kofia zao, mmoja akatoa leso akajifunika uso. Faki akasubiri kicheko kipungue, akasoma ya mwisho.

"Mimi ni bibi yake, ananiandikia mjukuu. Siwezi kusema uongo kwa umri huu. Raya ana kasoro moja, anaota macho wazi, chungu kinaungua naye yupo pale pale. Lakini akizinduka ni mtu wa kazi. Anayemtaka amchukue hivyo hivyo. Ibaki."

Mnajua kuna aibu ikizidi sana inakuwa kama usingizi. Nilikuwa nimesimama, nasikia kicheko lakini kinatoka mbali, kama watu wanaooga pwani na wewe uko juu shambani. Nikatazama ule ukuta wenye mwanga, nikaona vumbi linaelea kwenye miali ya projekta, taratibu, dogo dogo, linang'aa, na nikafikiri lingekuwa jambo zuri sana mtu akiweza kuwa vumbi. Hapo ndipo ilipokuja ile chafya.

Dokta Khelef peke yake hakucheka. Alisubiri, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya taratibu, "Faki, wameandika watu wangapi?"

"Thelathini na mmoja, Dokta."

"Na waliolitaja jarida?"

Faki akapandisha ukurasa, akaushusha. "Mmoja."

"Alisema nini?"

"Alisema halijui."

Dokta akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Watu wako wanakupenda, Raya, hilo limethibiti mbele ya kamati. Lakini miaka mitatu unaifanya kazi hii, na katika wote hawa hakuna hata mmoja anayejua ni kazi gani. Ulimwengu utaijuaje?"

Hilo ndilo lililonichoma, kuliko maandazi, kuliko vicheko. Maana ni kweli. Nimekaa miaka mitatu dirishani namngoja mtu wa nchi ya baridi aseme kumbe, na sijawahi hata siku moja kutia nakala mbili kwenye mkoba nikenda nazo Wingwi. Nilifikiri hawataki. Nilifikiri, na naona haya kusema hili lakini nalisema, nilifikiri hawataelewa. Na hao hao walitembea mpaka ufukweni kutafuta mtandao kwa ajili yangu.

Tukiwa bado tumesimama, Faki akaufungua ukurasa upya, sijui kwa nini, labda mikono ilikuwa inatafuta kazi. Ukaja mweupe. Mjadala umefungwa, imefutwa, na chini Mlinzi ameweka maneno yake ya mwisho: "Naitakia familia kila la kheri." Hatukustahiki, nasema bila kinyongo. Alitaka watu wasiotuhusu, waliotuandika kwengine, na hatukuwa naye hata mmoja.

Wiki iliyofuata viti vikaingia chumbani, vimepandana mpaka dirishani. Kabati letu la chuma wakalisukuma kwenye ujia wa maktaba, karibu na vyoo, na mpaka leo ndilo jarida. Mjini watu wakawa wananiuliza kwa heshima kubwa, huyo mchumba wa mtandaoni anaendeleaje. Mjomba wa Pujini alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi kuuliza siku ya arusi, na ilibidi mama amweleze, na alipoondoka aliuacha mkungu lakini hakunywa chai. Khaloo Saada ndiye aliyeumia kweli. Alikuwa ameshaitangaza posa mpaka Konde. Nikimpigia hapokei.

Nikaenda mwenyewe. Nilishuka mwisho wa lami nikamalizia kwa miguu, na safari hii mkobani nilikuwa na matoleo yote sita ya Kidimbwi. Nilimkuta uani, anachambua mchele, akaitika salamu bila kuinua uso. Nikamwomba radhi, nikamweleza kila kitu tangu Dokta aliposimama mlangoni, naye anachambua tu, anatupa chuya pembeni.

"Ndo hilo?" akasema mwishoni, na kidevu chake kikaonyesha mkoba.

Nikampa. Akafuta mikono, akatafuta miwani, akaligeuza nyuma na mbele kama anayekagua kitambaa dukani. "Na mbona hukuniletea kabla?"

"Nilidhani hutaki, khaloo."

"Ulidhani." Akafungua makala ya Faki ya visima, akaanza kusoma, midomo inatembea. Sikujua nifanye nini, nikajilaza pale pale mkekani. Kulikuwa na upepo mdogo, kuku wanakoroga majani, na kila baada ya muda nasikia karatasi inageuzwa. Sijawahi kuisikia sauti ile kabla, ya mtu mwengine akifungua ukurasa wangu. Nikalala usingizi wa kweli mpaka adhana ya alasiri.

Baada ya wiki mbili ikaja barua, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la skuli, mbele na nyuma. Kidimbwi lilikuwa halijawahi kupata barua ya msomaji tangu lianzishwe. Faki akaisoma amesimama kwenye ujia. Ilisema kisima cha pili katika makala, kile kilichoandikwa kimechimbwa na wazee wa kijiji, si kweli, kilichimbwa na wanawake, wanaume walikuja kikishatoa maji, na yeye aliambiwa na mama yake ambaye alibeba mchanga. Ilisema jina la kisima nalo limekosewa. Ilisema mwandishi angeuliza. Na mwanzo kabisa, kabla ya yote, ilisema: Assalamu alaykum, mimi ni khaloo wake mhariri.

Faki akashika kalamu nyekundu. "Hii sentensi ya kwanza tuiondoe?"

"Iache," nikasema.

Tuliiweka mbele, ukurasa wa kwanza. Na mimi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi (wasiohusika, natumai), sitasema tena tumo pahala ambapo hatumo, na sitamtumia mtu wa Wingwi ujumbe wa sauti bila kuusikiliza kwanza. Toleo lilipotoka nilimpelekea khaloo nakala tatu, akanipigia siku ile ile, sauti inatetemeka tena, na safari hii nilijua si mafua.

"Sasa waambie wale watu wa kamusi," akasema, "miye nimelisoma. Lote. Mpaka yale majina ya vitabu ya nyuma."

Nikamwambia nitawaambia. Sikuwa na moyo wa kumweleza kuwa kwao yeye bado hahesabiki.